Meno ya Chini Yanayoruka



Leo tuzungumze habari ya meno. Darasani kwetu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, msomaji hodari. Meno yake yote yalikwisha, akatengenezewa ya bandia. Ya juu yalitulia. Ya chini, ah! Siku moja anasoma kwa sauti, yakamtoka, yakaangukia kitabuni. Watu wakacheka. Toka siku ile hakuja tena, na sisi walimu tulichelewa kumfuata.

Kwa nini ya chini ndiyo yanayosumbua? Ya juu hushikwa na paa zima la kinywa. Ya chini yamekalia ukingo mwembamba tu wa ufizi, na ulimi unayasukuma kila mara. Tena, meno yakishang'oka, mfupa wa taya hupungua mwaka hata mwaka, na wa chini hupungua zaidi. Basi meno yaliyokaa vizuri zamani, sasa yanacheza. Si kosa la mwenyewe.

Iko njia. Daktari wa meno hutia ganzi, halafu huingiza skrubu mbili ndogo za titaniamu katika mfupa wa taya la chini, upande wa mbele. Titaniamu ni madini ambayo mfupa huyakubali na kushikamana nayo. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua jambo hili akichunguza mifupa ya sungura, na mwaka 1965 akaziweka katika taya la mtu. Mfupa hungojewa ushike, mara nyingi miezi mitatu hivi. Kisha meno ya bandia hubanwa juu ya skrubu hizo kama vifungo vya kubonyeza vya gauni. Ta! Yamekaa, unatafuna.

Lakini hutolewa. Usiku yatoe, uyasugue, na skrubu zenyewe uzisugue kwa mswaki, la sivyo ufizi huvimba na mfupa hulika. Vifungo navyo hulegea, hubadilishwa. Mvuta sigara, au mwenye kisukari kisichotunzwa, amwambie daktari mapema.

Bei yake ni kubwa, hatufichi. Uliza yote kabla ya kutoa fedha. Asiyeweza, meno yake ya zamani yanaweza kutiwa tabaka jipya kwa ndani yakaenea tena ufizini.

Yule mama tulipomwendea, alitutolea meno yake sandukuni, kayafunga katika leso. Hakujua kwamba yanaweza kurudishwa kwa daktari.