Shairi Tunaloliruka
Mhadhara wa uzinduzi wa kiti cha uprofesa wa fasihi ya Kiswahili



Desturi ya mhadhara wa namna hii ni profesa kuueleza umma yale aliyoyasoma. Leo naomba niwazungumzie watu waliokuwa hodari wa kutosoma. Hao ni wapenzi wa ushairi wa magazetini: watu ambao kwa karne nzima sasa wametungiana, wameulizana, wamejibizana na kukosoana katika ukurasa mmoja wa gazeti, pasipo malipo, kwa mapenzi tu. Mpenzi wa aina hiyo akiufungua ukurasa wake akakuta mashairi saba au manane, hayasomi yote. Lipi analisoma, lipi analipita, na anaamuaje?

Swali hili si dogo kama linavyosikika. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, katika kitabu chake Comme un roman cha mwaka 1992, aliorodhesha haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma kabisa, na ya pili ni haki ya kuruka kurasa. Karne sita kabla yake, mwanahistoria Ibn Khaldun alikwisha kulalamika katika Mukaddima kwamba wingi wa vitabu umekuwa kikwazo kwa mwenye kutafuta elimu, maana umri wake hautoshi. Pennac anazungumza juu ya uhuru, na Ibn Khaldun juu ya ufupi wa maisha. Wapenzi wa ushairi wetu walikuwa na jambo la tatu: kwao kuruka kulikuwa ufundi, na umbo lenyewe la shairi lilijengwa kwa namna inayomwezesha mtu kuruka vizuri.

Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Serikali ilikuwa na makusudi yake. Wasomaji nao wakawa na yao, na mashairi yakamiminika. Waliotunga hawakuishi kwa kalamu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali, akaishia kuwa hakimu. Kaluta Amri Abedi, aliyetupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri. Nyuma yao walikuwapo walimu wa shule za msingi, matarishi, askari na wakulima ambao majina yao hayamo katika silabasi yoyote. Baadaye ukumbi huo wa majibizano ulihamia pia magazeti ya Ngurumo na Uhuru, na upande wa Kenya Baraza na Taifa Leo.

Uteuzi, hata hivyo, haukuletwa na gazeti. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyefariki takriban mwaka 1840, mashairi yalisafiri kwa vinywa na kwa vyombo vya baharini. Muyaka aliwatupia watu wa Lamu maneno, naye Bwana Zahidi Mngumi akamrudishia kutoka huko. Shairi lisilovutia halikuwa na pa kujificha, kwa sababu asiyelikariri alikuwa amekwisha kuliua. William Taylor na Mwalimu Sikujua walipoyakusanya mashairi ya Muyaka mwishoni mwa karne ya 19, walikusanya yale ambayo watu wa Mombasa hawakukubali kuyaacha. Mengine aliyoyatunga hatutayapata tena. Tunamsifu Muyaka, na ni haki yake, lakini sehemu ya sifa hiyo inawahusu wasikilizaji wake wachaguzi, ambao hatuna hata diwani moja ya kuwakumbuka.

Sasa tuutazame ukurasa. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na mara nyingi mshororo wa nne ni kibwagizo kinachorudi bila kubadilika. Ubeti wa kwanza kwa kawaida ni hodi: mtunzi anamwamkia mhariri, anaomba nafasi ukumbini, anaahidi kutochosha. Ubeti wa mwisho ni kaditama. Chini yake kuna jina, lakabu kama ipo, na sanduku la posta. Mgeni wa ukurasa huanza juu akashuka. Mzoefu hafanyi hivyo. Jicho lake huenda kwenye kichwa, likashukia kibwagizo, kama mnunuzi sokoni afunuavyo shavu la samaki kabla ya kuuliza bei. Kisha hutazama jina, na hapo ndipo hurudi kwenye ubeti wa pili. Hodi huirukia mbali. Nimewaona wazee wakilimaliza zoezi hilo kabla chai haijapoa, wakiwa wamekwisha kusoma mashairi mawili kwa ukamilifu na kuyahukumu mengine sita, na hukumu zao ni nadra kukosea.

Kibwagizo ndicho kinachobeba kazi yote. Mtunzi mwenye beti kumi analazimika kuutaja msimamo wake mara kumi kwa maneno yale yale, kwa hiyo hawezi kumvizia msomaji. Insha haikupi hilo. Ndani ya insha mtu anaweza kukuzungusha kurasa nne kabla hujajua anaelekea wapi (mihadhara, nakubali, ni mibaya zaidi).

Yapo mashairi ambayo mzoefu huyaruka kwa sababu ya mada. Kipi bora, elimu au mali? Nani atangulie, mama au mke? Kuku na yai, lipi lilianza? Maswali haya yamerudi ukumbini kizazi baada ya kizazi, na kila yanaporudi kuna wakongwe wanaoguna na kugeuza ukurasa. Wana haki. Lakini wanaoandika majibu si wao. Ni chipukizi, ambao kwao swali la elimu na mali ni darasa: hoja zinajulikana, pande mbili zinajulikana, kinachobaki ni kujifunza kufunga vina bila kuipinda maana. Mtu hajifunzi mizani kwa mada nzito. Ukurasa ulidumu kwa sababu ulikuwa na mashairi ambayo wakongwe waliyaruka na chipukizi waliyaishi, yote kwenye karatasi moja, wala hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Ugomvi ni habari nyingine. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kimapokeo, vita iliyozuka iliwavuta hata watu ambao hawakuwa wakisoma mashairi. Kwa upande mmoja walisimama walioshika sheria za Amri Abedi kama katiba. Kwa upande wa pili walisimama wenzetu wa vyuoni, akina Mulokozi na Kahigi. Vita hiyo ilitufundisha mengi. Maoni yangu, hata hivyo, ni kwamba ilisomwa kupita kiasi. Wahakiki waliusoma ugomvi wakayaruka mashairi, na hadi leo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzieleza hoja za pande zote mbili barabara huku hajasoma shairi moja la Kezilahabi toka mwanzo hadi mwisho. Anajua walichogombania, hajui walichotunga.

Kuna pia shairi linalotaka kurukwa, na hapa ndipo napaonea raha zaidi. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, ana shairi mashuhuri la siafu na nyoka. Ofisa wa kikoloni akilipitia haraka anaona wadudu na mnyama, na pengine anaona Waafrika wanaburudika na visa vya porini. Anageuza ukurasa. Aliyekusudiwa anaona watu wengi wadogo wameungana dhidi ya mkubwa mmoja, naye anasimama hapo hapo. Fumbo linamchagua msomaji wake kabla msomaji hajalichagua, na linafanya hivyo mbele ya macho ya yule linayemsema. Tumezoea kusema fumbo ni pambo la lugha. Katika ukurasa wa wakati ule lilikuwa zaidi ya hapo: lilikuwa mlango wenye bawabu.

Mnyampala alikwenda upande wa pili kabisa. Ngonjera, alizoziendeleza na ambazo zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kifo chake, chini ya jina la chama cha washairi, UKUTA, ziliyatoa majibizano ukurasani zikayapandisha jukwaani. Wanafunzi walisimama pande mbili, mmoja mbishi na mwingine mwelewa, na hadhira ililazimika kumsikiliza mbishi hadi akubali kuelimishwa. Kwa njia hiyo Azimio la Arusha lilipata mtumishi hodari wa kulieneza. Ila hadhira ilinyang'anywa kitu: msikilizaji wa ngonjera hana kibwagizo cha kuchungulia wala ukurasa wa kugeuza, na mwisho anaujua tangu mbishi anapofungua kinywa. Naamini hiyo ni sababu moja ya ngonjera nyingi kuchosha, ingawa Mnyampala mwenyewe alikuwa fundi wa lugha.

Alama ninazozisifu, yaani kichwa, kibwagizo na jina, zina dhuluma yake. Msomaji anayechagua kwa jina humpita asiye na jina. Dawa ya ukumbi ilikuwa jibu: chipukizi alipomuuliza malenga swali kwa jina lake, ilikuwa aibu kwa malenga kunyamaza, na jibu la malenga lilimrudisha kila msomaji kwenye swali alilolipita wiki iliyotangulia. Watu wengi waliingia ukumbini kwa mlango huo.

Hapa ndipo inapoanza kazi ambayo kiti hiki kinanidai. Orodha tulizo nazo za mashairi ya magazeti zimepangwa kwa watunzi, na mtafiti anayeingia makavazini na majina matano hutoka na majina yale yale matano. Mimi na wanafunzi wangu tutatengeneza faharasa iliyopangwa kwa majibu: kila shairi litaandikwa linamjibu nani, limejibiwa na nani, na baada ya muda gani. Yasiyojibiwa nayo yatawekewa alama. Tutaanza na Mambo Leo tangu toleo la kwanza, kisha tutaingia magazeti ya miaka ya uhuru ya pande zote mbili za mpaka.

Najua humu ukumbini wamo watu wenye madaftari ya wazazi wao yaliyogundishwa mashairi yaliyokatwa magazetini, na wengine wana matoleo mazima yaliyofungwa kamba juu ya kabati. Madaftari tutayapokea kwa shukrani na kuyarudisha yakiwa salama. Matoleo mazima tunayataka zaidi. Mkituletea, tafadhali msituchambulie.