Mahame Yetu na Fedha Tunazochanga

Maneno ya Mweka Hazina kwenye harambee ya mwaka



Lipo pendekezo kwamba sehemu ya mchango wa mwaka huu ikakarabati shule ya zamani kule kwenye mahame. Nilifika huko mwezi wa saba pamoja na wazee wawili. Nawaeleza tulichokikuta kabla hatujaingiza mikono mifukoni.

Wenye umri mnakumbuka. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho ni 1976. Upande wetu wa milimani watu walizoea kukaa kiukoo, kila ukoo na ntambo wake. Wakateremshwa barabarani. Mabati yaling'olewa, yakabebwa. Kuta zikaachiwa mvua.

Leo kuta za shule zinafika kiunoni. Matofali mabichi yakikosa paa hayakarabatiki, yanarudi kuwa udongo. Mibuni imerefuka kama miti ya msitu, haina wa kuipogoa. Ngolo za mteremko ule zimefukiwa, maana nani atatembea saa mbili kila siku kwenda kulima? Yamebaki makaburi. Mzee mmoja alitutajia majina ya manne, la tano akasita.

Wengine mnasema tujenge ili turudishe ardhi. Hapo tusidanganyane. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977, na madai ya zamani juu ya ardhi iliyogawiwa yakafutwa. Sheria hiyohiyo ndiyo inayolinda viwanja mlivyogawiwa wakati ule, msiisahau mnapoilaumu. Mwenye hoja ya kipande ambacho hakikugawiwa aanzie halmashauri ya kijiji, si kwa fundi mwashi.

Kwa hiyo napendekeza fedha za ujenzi ziende kwenye madarasa ya huku waliko watoto. Kwa mahame naomba fungu dogo tu: nauli ya gari, chakula cha siku tatu, daftari na kamera. Tuwapeleke wazee, waonyeshe kaburi la nani liko wapi na ntambo upi ulikuwa wa ukoo gani. Aliyehamishwa akiwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amevuka 70.

Safari iwe kabla ya mvua za Novemba. Ndugu zetu wa Liuli na Mbamba Bay wenye mahame yao nao waandikishe majina. Fomu za ahadi ziko kwa Katibu.