Mali Bila Daftari
(Hotuba kwa wanachama, Kidodi)



Nimeombwa kusema habari ya fedha za halmashauri, nami sitawachosha. Wengi wetu hapa Kidodi hudhani kwamba fedha hugawiwa Kilosa, siku madiwani waketipo barazani. Sivyo. Huanza kugawiwa mezani petu, karani ashikapo kalamu.

Tangu mwaka 2018 sheria imeiamuru kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iwakopeshe watu bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Liangalieni neno hilo, "ya ndani". Ruzuku ya Serikali Kuu haimo. Fungu hilo hutoka katika ushuru wa mazao, leseni na ada, vikusanywavyo huku huku kwetu.

Basi karani apokeapo ushuru wa shilingi 1,000 pasipo kutoa stakabadhi, amewapunguzia wanawake shilingi 40, vijana 40, na wenye ulemavu 20, hata kabla diwani hajafungua kinywa. Diwani hawezi kugawa kisichofika.

Mikopo hiyo ilisimamishwa nchini mwaka 2023, utaratibu upate kutengenezwa, ikarudi mwaka 2024. Waliongoja ni wale wale wanyonge.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ndugu zangu, daftari liko mikononi mwetu. Na tuandike kila senti, kisha tubandike hesabu ukutani, apitaye asome.