Mafuriko ya mito na amani kati yetu

Mazungumzo na familia zilizokimbia vita, wenyeji wao na viongozi wa mitaa, Uvira



Tumekuja kuzungumza juu ya mito. Pengine mtu atauliza: watu wa kazi ya amani wana shauri gani na mto? Jibu ni hili. Aliyekimbia vita alipofika hapa mjini alikuta mahali pakavu pana wenyewe. Mara nyingi nafasi aliyoipata ni kando ya mto. Mto ukifurika, yeye anakosa nyumba mara ya pili, naye mwenyeji jirani yake anakosa yake. Baada ya maji kuondoka, ugomvi wa viwanja unaanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope. Watu zaidi ya 40 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mtambo wa maji ya mji nao uliharibika, hofu ya kipindupindu ikaongezeka. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mafuriko yaliangukia Bushushu na Nyamukubi katika teritwari ya Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia mitaani Uvira, Baraka, Kalemie na Bujumbura.

Kwa nini mambo haya yanatokea? Kuna sababu tatu, nazo zinasaidiana.

Ya kwanza ni joto la dunia. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo mvua kubwa inazidi kuwa kubwa, na maji mengi yanaanguka kwa saa chache. Tena, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko wa mashariki, kama mwishoni mwa 2019, mvua huongezeka mpaka kwetu.

Ya pili ni nchi yenyewe. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya bahari, na milima iliyo nyuma yetu inapita mita 2,000. Maji yanashuka kwa saa chache tu. Miti imekatwa kwa makaa na mashamba yamepanda mteremko, kwa hiyo udongo na mawe vinashuka na kujaza mto. Na ziwa likiwa juu, mto hauna pa kumwaga maji yake upesi.

Ya tatu ni sisi kukaa katika njia ya maji.

Wazee watasema kwamba hata miaka ya 1960 ziwa lilipanda sana. Ni kweli. Si kila mafuriko yaletwe kwenye sababu moja. Baada ya msiba wa Kalehe wanasayansi walijaribu kupima sehemu ya mabadiliko ya hali ya hewa katika mvua ile. Hawakuweza kutoa jibu la hakika, kwa kuwa vipimo vya mvua katika nchi yetu ni vichache mno. Lakini kungoja jibu kamili siyo kinga. Maji yatakuja tena.

Na kila yanapokuja, maneno mabaya huyafuata: "Ni wageni waliokata miti." "Ni wenyeji waliotutupa mtoni." Maneno hayo hayajengi ukingo wa mto. Yanabomoa ujirani, nao ndio unaookoa mtu usiku.

Kwa hiyo tunaomba tukubaliane juu ya mambo manne sasa, wakati wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijarudi.

1. Kiwanja. Wengi hawataki kuondoka mtoni kwa kuogopa kwamba wakirudi watakuta mwingine amejenga. Mkuu wa mtaa aandike kwamba anayehama kwa ajili ya mvua hajapoteza haki yake. Mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja watie sahihi kama mashahidi. Karatasi hiyo inaweza kuokoa watu wengi.

2. Onyo. Wanaoishi mlimani wanaiona mvua kwanza. Tuchague watu wa kupiga simu kutoka juu, na wa kupiga filimbi huku chini. Tujue mapema ni shule gani au kanisa gani liko mahali pa juu, na nani atambeba mzee, mgonjwa na mlemavu. Mtu asijaribu kuvuka maji yanayokimbia.

3. Kazi ya pamoja. Tuzibue mifereji. Tupande matete na mianzi kandokando ya mto na kukata mteremko kwa mifereji ya kuzuia maji. Wenyeji na waliohama wawe katika kikundi kimoja, kila mmoja na jembe lake.

4. Msaada. Orodha ya walioathirika itengenezwe na kamati ya pande zote mbili, isomwe mbele ya watu. Orodha ya siri huzaa chuki kuliko njaa yenyewe.

Hatusemi kwamba majembe yetu yatatosha. Kuta kubwa za mto, kuchimbua mawe, na kutafuta ardhi salama kwa wanaohamishwa ni kazi ya serikali. Viongozi mlio hapa, ipelekeeni serikali ombi hilo kwa sauti moja, si kila kabila kwa barua yake.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko kwenye ukingo wa mto, na mwingine uko kati ya jirani na jirani. Huu wa pili tunaweza kuuziba leo, kabla hatujatoka hapa.