Mkutano wa simu nao unataka heshima

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza juu ya mikutano ya simu, ile ya WhatsApp na Zoom, ambayo mtu anahudhuria akiwa nyumbani kwake.

Wengi tuliizoea mwaka 2020. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, Serikali ya Uganda ilisimamisha usafiri wa umma na kukataza mikusanyiko kwa sababu ya Korona. Mwezi wa nne, WFP ikapunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi kwa asilimia 30. Watu walikuwa na neno kubwa la kuzungumza, lakini hawakuweza kukaa pamoja chini ya mti. Ikabidi wazungumze kwa simu.

Korona imepita, mikutano hiyo imebaki. Wakalimani wanatafsiri wakiwa nyumbani, viongozi wa wakimbizi wanaitwa Zoom, vikundi vya akiba vinaongea WhatsApp. Basi tujifunze kuiendesha vizuri.

Kwanza, gharama. Wewe unayeita mkutano, jiulize: nani atalipa bando? Tangu Julai 2021, bando la intaneti hapa Uganda lina kodi ya asilimia 12. Mama anayeuza nyanya hawezi kumaliza MB zake kwa salamu za nusu saa. Kama mkutano ni kazi ya shirika, shirika litume bando kabla, siyo baada. Kama ni mkutano wenu wenyewe, zimeni video, maana video inakula MB nyingi kuliko sauti. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, kwa hiyo chagueni mambo mawili au matatu tu. Ajenda itumwe jana yake kwa ujumbe wa sauti, ili hata asiyesoma ajiandae.

Pili, kelele. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja. Hapa Kisenyi mashine za kusaga mahindi zinanguruma mchana kutwa, mtoto analia, jirani anapiga hodi. Hilo siyo kosa la mtu. Zima maiki usipozungumza, ifungue zamu yako ikifika. Mwenyekiti, usimwaibishe mama kwa sababu mtoto wake amelia. Mwambie, "Mama, mtulize mtoto, tunakusubiri." Wala usimlazimishe mtu kuwasha kamera. Nyumba yake ni ya kwake, hajakualika uitazame. Na usipange mkutano saa ya swala, saa ya kuchota maji, wala siku ya mgao.

Tatu, zamu na lugha. Kwenye simu, anayesikika ni mwenye mtandao mzuri na Kiingereza chepesi. Wengine wanabaki kusikiliza tu. Mwenyekiti aite watu kwa majina, aanze na walionyamaza. Kama kuna mkalimani, sema sentensi mbili au tatu, kisha simama. Ukimwaga maneno dakika tano mfululizo, mzee anayesikia Kisomali au Kinyabwisha atapata nusu yake, na yeye ndiye uamuzi unamhusu.

Nne, mtu akikatika. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye mkutano wa simu tuwe waangalifu na methali hiyo, maana mtu alikuwepo, mtandao ndio umemtoa. Kimya chake msikihesabu kuwa ni ndiyo. Mkishafikia uamuzi, utumeni kwa sauti kwenye kundi, na waliokatika wapewe mpaka kesho jioni kusema neno lao. Hasa ikiwa ni habari ya pesa za kikundi, au ya nani aingie kwenye orodha ya msaada. Mkumbuke pia Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katibu awe na namba za wote kwenye daftari, ili apige simu ya kawaida.

Tano, siri. Hili ndilo zito kuliko yote. Kuna mwanamke aliyepigwa, kuna mtoto aliyedhulumiwa, kuna mtu ambaye waliomfukuza kwao bado wanamtafuta. Habari za hawa hazizungumzwi kwenye kundi, hata bila jina, maana watu watabahatisha. Mpigie mhusika peke yake, na kabla ya yote muulize, "Uko peke yako? Unaweza kuongea?" Akijibu, "Nitakupigia baadaye," usimbane. Huenda anayemuumiza amekaa karibu naye. Na usimwachie ujumbe wenye habari zake, maana simu inaweza kuwa ya mume au ya jirani. Wewe nawe unayepiga, usiweke spika. Ukuta wa turubai haufichi kitu.

Msirekodi mkutano bila wote kukubali. Msipige picha ya skrini yenye majina na namba. Picha ikishatumwa hairudi, na inaweza kufika mpaka kwenye kijiji kile mtu alichokimbia.

Ukiona siri yako imetolewa mkutanoni, usikae nayo moyoni. Mweleze mfanyakazi wa ulinzi unayemwamini, au piga laini isiyolipishwa ya FRRM inayopokea maswali na malalamiko ya wakimbizi.

Ndugu zangu, mkutano wenu ujao, anzeni na haya mawili: nani hana bando, na nani hajasema neno. Mkiisha kuyajibu hayo, endeleeni na ajenda.



(Muziki unapanda, kisha mwisho.)