Daftari Lina Pande Mbili



Marehemu babu yangu alishuka jahazini Unguja akitokea Kutch, akafungua duka. Alituachia kanuni moja: daftari lina pande mbili, tunachodai na tunachodaiwa. Siku za sherehe sisi husoma upande wa kwanza tu.

Twajivunia, na ni haki yetu, kwamba wazee wetu walileta nguo na mitaji, na kwamba Kiswahili kilipokea maneno kama gari, bima na laki. Twataja pia nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kutch, waliokodishwa forodha ya Zanzibar tangu enzi ya Seyyid Said.

Lakini forodha ile haikutoza pembe na karafuu peke yake. Ilitoza ushuru wa watumwa pia. Na mikopo ya matajiri wetu iligharimia misafara ya bara. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, wala si sisi tuliolifunga.

Nawaomba vijana wetu, wakizuru Unguja, wasiishie hekaluni na Forodhani. Wafike Mkunazini, wasimame kimya, kisha watuulize maswali, nasi tuwajibu bila kuficha.

Majirani zetu, mmeishi nasi kwa wema bila kutudai hesabu hii. Kwa hiyo yatupasa tuifungue wenyewe.