KUMFUNDISHA MBWA MCHANGA MBELE YA MBWA MZEE

(Hotuba iliyotolewa Sumbawanga katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa mkutano aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote nilipendalo, isipokuwa kazi yangu ya ofisini. Nilifurahi sana, maana mtu aliyeshinda na mafaili miaka mingi hana hamu ya kuyafungua tena mbele ya wageni. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mbwa.

Najua wapo watakaocheka. Kwetu mbwa hulinda boma, hula makombo, na jina lake tunalitumia kumtukania mtu. Lakini itazameni nchi yetu. Uwanda wa Ufipa uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, na mashariki inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Huku juu miti ni michache, nyasi ni nyingi na upepo haukomi. Kanga na kwale hujificha nyasini au katika mabua ya ulezi, na mtu hupita hatua mbili kando yao asiwaone. Ndege akipigwa na kuangukia humo, asiye na mbwa mara nyingi hampati. Ndege yule hufa polepole, kisha huliwa na mbweha. Ni aibu kwa mwindaji, na ni hasara kwa nchi.

Kabla sijaendelea, niseme jambo la sheria, kwa kuwa vijana wetu wamekwisha kufungwa kwa kutolijua. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 12 ya mwaka 1974, inataka mwindaji awe na leseni. Tena inakataza kumtumia mbwa katika kuwinda bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Basi kijana anayetoka na mbwa watano na mkuki kwenda kukimbiza swala asiseme kuwa anafuata mila ya babu zake. Bwana Nyama hatamwuliza habari za babu. Mimi nazungumza juu ya mbwa wa mwenye leseni, mwenye kibali, anayetafuta ndege kwa bunduki ya marisau.

Mbwa wa namna hiyo hafundishwi porini. Hufundishwa nyumbani, tangu akiwa na miezi miwili au mitatu. Somo la kwanza ni jina lake. La pili ni kuja aitwapo. La tatu ni kukaa na kungoja, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Mweke sahani ya ugali na dagaa mbele yake, mzuie, hesabu mpaka tano, kisha mruhusu. Kesho hesabu mpaka kumi. Mbwa asiyeweza kuingojea sahani hataweza kumngojea kanga.

Kisha huja somo la mlio. Usimpeleke mtoto wa mbwa karibu na bunduki siku ya kwanza, kwani akiogopa mara moja huenda akaogopa maisha yake yote. Anza kwa kugonga debe mbali naye wakati anakula, ukisogea kidogo kila siku. Mwisho, mfundishe kuleta. Funga mabawa ya ndege katika kitambaa, tupa, mtume. Akileta, mpokee kwa upole wala usimnyang'anye, maana ukivuta naye atauma, na mbwa aliyezoea kuuma atakuletea nyama iliyosagika.

Sasa nije kwenye mbwa mzee. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mbwa si samaki. Mbwa mzee bado hujifunza, ila huhitaji njia nyingine. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha mambo haya, alikuwa na mbwa wawili wa kienyeji. Mmoja aliitwa Askari, mwenye miaka kumi na mmoja. Wa pili aliitwa Sijali, wa miezi kumi na minne, na jina hilo alipewa kabla tabia yake haijajulikana.

Askari alikuwa amekwisha kuwa kiziwi. Majirani walimshauri Baba Mdogo amwue, kwa kuwa anakula bure. Yeye hakubishana nao. Kwa miezi miwili alimfundisha Askari alama za mikono: mkono juu, kaa, mkono kando, nenda upande huo, kiganja chini, njoo. Mbwa yule alizishika, kwa sababu tangu zamani alikuwa na desturi ya kumtazama bwana wake kabla ya kutenda.

Julai ya mwaka 2017, nikiwa likizo, tulitoka wote alfajiri. Kulikuwa na baridi kali na umande. Umande hushika harufu karibu na ardhi, ndiyo maana saa za kwanza za asubuhi zina thamani kuliko mchana kutwa. Tulitembea tukiukabili upepo, ili harufu ya ndege iwafikie mbwa kabla harufu yetu haijawafikia ndege.

Kanga wa kwanza walipokurupuka, Sijali aliwarukia. Mmoja aliruka chini chini, na mbwa alikuwa nyuma yake kabisa. Baba Mdogo alikuwa amekwisha kulenga, akashusha bunduki. Kundi lote likaenda zake. Akatoa risasi bungukini mwake, akamkalisha Sijali, nasi tukakaa kimya muda mrefu. Hakumpiga. Aliniambia, "Ndege atapatikana mwingine. Ukipiga chini mbele ya mbwa, siku moja utapiga mbwa, na siku nyingine utapiga mtoto wa mtu anayechunga ng'ombe."

Baadaye alipiga kanga mmoja, akaanguka katika mabua akiwa hai, bawa limevunjika. Sijali alitumwa kwanza. Alikwenda kwa kasi, akapapita mahali pale, akazunguka shamba zima. Ndipo Askari alipoonyeshwa kwa mkono. Alikwenda taratibu, pua chini, akafika ndege alipoangukia, akageuka kushoto, akafuata mfereji, akamtoa chini ya kichaka mbali kidogo na pale. Sijali alisimama akitazama. Ndege wa tatu alipoanguka, alikwenda hivyo hivyo, pua chini, akamleta mwenyewe.

Lakini msidhani kuwa yatosha kuwafunga wawili pamoja. Mbwa mchanga huiga kila kitu, na mzee mwenye tabia ya kula ndege atamfundisha hiyo kwanza. Kwa hiyo mwalimu mwenye akili humsahihisha mzee kabla ya kumkabidhi mwanafunzi. Tena haifai kuwaachia wachanga wawili wafundishane. Watafundishana mbio tu. Na akishajifunza, mchanga atolewe peke yake, asije akaitegemea pua ya mwenzake daima. Naye mzee asichoshwe: saa mbili za asubuhi zinamtosha, kisha maji na kivuli.

Niongeze habari za afya. Msimteremshe mbwa wa huku juu kwenye mapori yenye mbung'o bila kupata ushauri wa daktari wa mifugo. Nagana huua mbwa upesi, na macho yake hugeuka kama yana ukungu. Mchanjeni kila mwaka kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara hufisha. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya soko. Mnakumbuka mwaka 1994 maradhi mengine ya mbwa yaliingia Serengeti yakaua simba wapatao 1,000, theluthi ya simba wote wa huko. Mbwa wa kijiji si jambo dogo.

Askari alikufa masika ya mwaka uliofuata, akiwa amelala jikoni penye joto. Sijali sasa ni mzee, naye amepewa mwanafunzi. Nilipowatembelea mwaka jana, nilimwona akimngojea yule mdogo amalize kuzunguka zunguka.

Ninyi wanafunzi, mkiwaona wazee wetu wakienda taratibu, watazameni wanaweka pua wapi. Na sisi tuliokwisha kuondoka hapa, tujichunguze kwanza tabia zetu kabla ya kuja kusimama mbele ya vijana hawa, kwa maana wataziiga zote.